Maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu msukosuko wa maji na hewa

Ndugu zangu wamezoea kunitambulisha hivi: "Huyu ni injinia, lakini hajengi kitu." Hawajakosea. Kazi yangu ni kupima jinsi maji na hewa vinavyojikoroga vyenyewe ziwani, baharini, mtoni na juu ya miji, kisha kutafuta hesabu zitakazowafaa wale wanaojenga. Maswali haya nimeyaokota mialoni, darasani, kwenye daladala na hata misibani, maana mtu akishajua unashughulika na hewa hakosi kukuuliza kwa nini ndege hutikisika. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa. Mengine yanatoshwa na sentensi chache.

Msukosuko ni nini hasa?

Washa kijiti cha udi, funga madirisha, kaa kimya ukitazame. Moshi unapanda wima kama uzi. Ukifika shubiri moja au mbili juu, uzi unaanza kupinda, unajikunja, halafu unavurugika kabisa. Hakuna aliyeugusa. Pale chini hewa ilikuwa inateleza kwa matabaka, kila tabaka likipita kando ya mwenzake bila kuchanganyika: huo ni mtiririko tulivu. Pale juu ni msukosuko. Bomba la maji linafundisha jambo lilelile. Lifungue kidogo sana, maji yanashuka kama kijiti cha kioo. Lifungue zaidi, yanakuwa na kelele na hayaonyeshi tena upande wa pili.

Aliyelipima jambo hili kwa makini ni Osborne Reynolds, mwaka 1883, mjini Manchester. Alipitisha maji kwenye mrija wa kioo na katikati yake akaachia uzi mwembamba wa rangi. Kasi ikiwa ndogo uzi ulibaki umenyooka. Kasi ikizidi kiwango fulani ulitawanyika ghafla na kujaza mrija mzima. Akagundua kwamba kasi peke yake haiamui. Unachukua kasi, unaizidisha kwa upana wa njia, unagawanya kwa mnato, yaani ule ugumu wa kitu kutiririka unaotofautisha asali na maji. Jibu likiwa chini ya 2,000 hivi kwenye bomba, mtiririko utatulia. Likipita hapo, kishindo kidogo kinatosha kuuvuruga.

Sasa piga hesabu za nyumbani. Bomba la nusu inchi lenye maji yanayokwenda nusu mita kwa sekunde linapita 6,000. Mto wenye kina cha mita 2 unaokwenda mita 1 kwa sekunde unafika milioni 2. Kwa hiyo katika mazingira, utulivu ndio jambo la nadra. Utaupata kwenye asali inayomwagwa au kwenye maji ya chini ya ardhi yanayopenya polepole kwenye mchanga. Karibu kila kitu kingine kinachotiririka mbele ya macho yako kimo kwenye msukosuko.

Si ni mawimbi tu hayo?

Hapana. Wimbi likipita, boya linapanda, linashuka, linarudi karibu palepale. Wimbi husafirisha nguvu, maji yenyewe hubaki. Msukosuko huyabeba maji na kuyapeleka kusikojulikana, pamoja na chumvi, joto, mchanga na uchafu uliomo. Wimbi linageuka kuwa msukosuko pale linapovunjika, na ndiyo maana povu la mwambani halifanani na mawimbi ya mkondoni.

Nimesikia mnarusha machungwa baharini. Ni utani?

Tunarusha kweli. Chungwa linaelea huku sehemu kubwa imezama, kwa hiyo upepo haulishiki sana; rangi yake inaonekana kwa mbali; na likipotea halimdhuru samaki. Unayaachia mawili pamoja, unapima yanavyoachana.

Mwenye wazo hilo ananichekesha mpaka leo. Lewis Fry Richardson alikuwa Mwingereza aliyeendesha gari la wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katikati ya vita hivyo akakokotoa utabiri wa hali ya hewa kwa mkono. Utabiri ulitoka mbovu kupita kiasi, naye akauchapisha hivyohivyo mwaka 1922, jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu. Miaka mingi baadaye, yeye na Mmarekani Henry Stommel walikwenda Loch Long, Scotland, wakatupa majini vipande vya mzizi mweupe wa jamii ya karoti na kuvipima vinavyotengana. Makala yao ilitoka mwaka 1948.

Walichokiona ndicho tunachokiona na machungwa. Vipande vikiwa karibukaribu, vinaachana polepole. Vikishakuwa mbalimbali, vinaachana kwa kasi zaidi. Sababu ni kwamba mizunguko ya maji ina ukubwa tofauti. Mzunguko mkubwa kuliko umbali kati ya machungwa mawili unayabeba yote pamoja, hauyatenganishi. Umbali ukiongezeka, ile mizunguko mikubwa nayo inaanza kuyavuta huku na huku. Ndiyo maana mafuta yakimwagika baharini, siku ya kwanza doa linaonekana kama linasubiri, halafu siku ya 3 limeenea kuliko ulivyotarajia. Mwenye kusimamia usafishaji akitumia kipimo cha siku ya kwanza kukadiria siku ya 3, atachelewa.

Hiyo mizunguko inaishia wapi?

Upepo unasukuma ziwa na kuzaa mzunguko wa kilomita kadhaa. Huo unavunjika na kuzaa ya mamia ya mita, nayo inazaa ya mita, ya sentimita, mpaka inafika midogo sana kiasi kwamba mnato wa maji unaimeza na nguvu yake inageuka joto kidogo. Ziwani au baharini mwisho huo ni milimita chache. Mwaka 1941 Andrei Kolmogorov, mwanahisabati wa Moscow, alionyesha kwamba katikati ya mkubwa na mdogo kuna kanuni moja ya jinsi nguvu inavyogawanywa, haijalishi ni mto au ni anga. Miaka kama 20 baadaye Wakanada walikokota vifaa vya kupimia kwenye mlangobahari wa Discovery Passage, karibu na kisiwa cha Vancouver, penye mkondo mkali wa maji kujaa na kupwa, na kanuni ile ikaonekana kwenye takwimu zao bila kubembelezwa. Mimi nilipoiona mara ya kwanza kwenye takwimu nilizozipima mwenyewe, usiku, nikiwa na mbu na taa inayozimika, nilimwamsha mwenzangu. Hakufurahi.

Mnaweza kutabiri msukosuko?

Kila mzunguko mmojammoja, hapana. Milinganyo ya kuutabiri tunayo tangu karne ya 19, inaitwa kwa majina ya Navier, Mfaransa, na Stokes, mzaliwa wa Ireland. Tatizo ni kuitatua. Mpaka sasa hakuna aliyethibitisha kwamba katika vipimo vyote vitatu vya nafasi, yaani urefu, upana na kina, milinganyo hiyo ina jibu lisilovunjika wakati wote. Tangu mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay imeweka zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayethibitisha hilo au kulikanusha. Zawadi bado ipo.

"Si mtumie kompyuta?" Tunazitumia. Lakini kilomita moja ya ujazo wa maji, ukitaka kuifuata milimita kwa milimita, ina nukta ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 18. Ziwa Tanganyika lina kilomita za ujazo zipatazo 18,900. Tena ukitaka kuona kwa undani maradufu, kazi haiwi maradufu, inakuwa mara 16. Kwa hiyo tunakata: mizunguko mikubwa tunaikokotoa, midogo tunaiwakilisha kwa kanuni za wastani. Hapo ndipo penye ubishi wote wa fani hii. Kanuni zinazopendwa zilipimwa kwa wingi kwenye maziwa na anga za nchi za baridi, na mtu akizileta huku kwetu bila kupima upya, mimi huuliza kwanza kabla ya kutazama picha zake za rangi. Picha za kompyuta hupendeza hata zikiwa zimekosea.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika wamepungua. Wavuvi wanasema ziwa limechoka. Wewe unasemaje?

Mzee mmoja Kigoma aliniambia: "Mwanangu, zamani kusi likivuma tulijua tutakula. Siku hizi kusi linavuma na karabai zinarudi na mafuta tu." Nimekaa na maneno hayo kwa miaka, kwa sababu ndani yake mna fizikia yote ya ziwa lile.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya juu yana nyuzi 26 au 27 hivi. Ya chini kabisa yana nyuzi 23 na kitu. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 mtu anaweza kuidharau. Asiidharau. Maji yakiwa ya uvuguvugu, kila nyuzi moja inayoongezeka inayapunguzia uzito kuliko ingekuwa yakiwa ya baridi. Tofauti ya nyuzi 3 katika joto letu inaleta tofauti ya uzito kubwa mara kadhaa kuliko nyuzi hizohizo 3 katika ziwa la Ulaya wakati wa baridi. Kwa hiyo maji mepesi ya juu yamekaa juu ya mazito kama kifuniko, na kifuniko hicho ni kigumu.

Chini ya kifuniko ndiko kuliko na hazina. Kila kinachokufa kinazama, kinaoza, na virutubisho vyake vinabaki huko. Kaskazini mwa ziwa oksijeni inakwisha kwenye mita 100 hivi. Kusini inashuka zaidi. Chini ya hapo samaki haishi, lakini naitrojeni na fosforasi zimejaa. Dagaa wanakula viumbe vidogo, viumbe vidogo vinakula mimea midogo inayoelea, na mimea hiyo inahitaji mwanga ulio juu na mbolea iliyo chini. Mgebuka naye anamngoja dagaa. Mnyororo mzima unasubiri kitu kimoja: mtu wa kuikoroga sufuria.

Mkorogaji ni kusi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa urefu wa ziwa na kuyasukuma maji ya juu kwenda kaskazini. Tabaka la joto linarundikana upande wa Burundi, na upande wa Mpulungu, Zambia, maji baridi ya chini yanapanda karibu na uso. Upepo ukilegea, matabaka yanarudi, yanapitiliza, yanarudi tena, kama maji kwenye karai linalobebwa kichwani. Tofauti ni kwamba karai hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na yumbo moja kwenda na kurudi linachukua wiki 3 mpaka 5. Juu ya ziwa huoni chochote. Chini, mpaka wa joto na baridi unapanda na kushuka makumi ya mita. Unapogusa miteremko ya chini ya maji, unavunjika kama wimbi la pwani, na pale ndipo msukosuko unapopitisha virutubisho juu.

Sasa ziwa limepata joto, na limepata zaidi juu kuliko chini. Kifuniko kimekazwa. Upepo uleule unafanya kazi kidogo kuliko zamani, na mzee wangu hakukosea: kusi linavuma lakini halifiki. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mimea ile midogo huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hiyo inaweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Wako waliobishana nao, na ubishi huo ni halali, kwa sababu nyavu nazo zimeongezeka na macho yake yamekuwa madogo. Mimi naona vyote viwili vipo. Tanzania iliposimamisha uvuvi ziwani kwa miezi 3 mwaka 2024, niliulizwa kama hiyo ni dawa. Samaki aliyeachwa atazaa, hilo linasaidia. Ila kufunga ziwa hakulikorogi.

Na Ziwa Victoria? Sato wangu wa kwenye vizimba walikufa usiku mmoja.

Pole sana. Victoria ni tofauti: ni pana lakini si refu kwenda chini, wastani wa mita 40 na mwisho kama 80. Hukorogeka mpaka chini mara moja kwa mwaka, kipindi cha pepo za katikati ya mwaka. Miezi mingine maji ya chini hukaa peke yake, na kwa kuwa ziwa limejaa uozo wa mwani na mbolea za mashambani, oksijeni yake hukwisha. Kisha dhoruba moja inainamisha matabaka, maji yale yasiyo na pumzi yanapanda kando ya ghuba, na samaki wa ziwani wanakimbia. Wa kwenye kizimba hana pa kukimbilia.

Kabla ya kuweka kizimba, usichague ghuba kwa sababu haina mawimbi. Utulivu unaompendeza mwenye boti unamuua samaki. Tafuta mahali maji yanapopita, pawe na nafasi ya kutosha kati ya sakafu ya kizimba na tope la chini, na upime oksijeni alfajiri, kwa sababu ndio saa inayokuwa chini kabisa. Anayekuja kupima saa 8 mchana na kukuambia mambo safi amekudanganya bila kukusudia.

Ni kweli Ziwa Kivu litalipuka?

Swali hili hunifikia zaidi kutoka Goma, Bukavu na Rubavu, na huwa siwajibu kwa haraka, kwa sababu wanaouliza wanalala kando ya ziwa hilo.

Kivu lina kina cha mita 485. Chini yake zimeyeyuka kama kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, ukizipima kwa kanieneo la juu ya ardhi. Jambo la ajabu ni kwamba maji ya chini ni ya moto kuliko ya juu, na bado hayapandi, kwa sababu chumvi na hewa ya ukaa vimeyapa uzito. Chemchemi za chini ya ziwa zinaulinda mpangilio huo. Msukosuko huko chini ni hafifu mno. Ukishusha kipimo chembamba unakuta ngazi: tabaka lililochanganyika, kisha kiwambo chembamba, tabaka jingine, kiwambo, mamia yake, nyingi zikiwa na unene usiozidi mita moja. Joto linapenya viwambo haraka kuliko chumvi, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayozijenga. Katika kazi yangu yote sijaona kitu kizuri kama mchoro wa ngazi zile, na sijaona kinachonitisha zaidi.

Hofu inatokana na Ziwa Nyos, Kamerun. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa lile lilitapika hewa ya ukaa usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa kwa kukosa pumzi. Watu wa Goma wanaijua hewa hiyo kwa kiwango kidogo: mazuku, vishimo vya kando ya volkano ambamo hewa nzito hutuama na kuua mbuzi, na mara nyingine watoto.

Ili Kivu lifanye kama Nyos, lazima kitu kiyanyanyue maji ya chini mpaka kanieneo lipungue na gesi ianze kutoka mapovu. Kwa sasa gesi iliyomo haijafikia kiwango cha kutoka yenyewe. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na matabaka ya gesi hayakusogea. Ziwa hilo ni imara kuliko uvumi unavyosema, lakini uimara wake una mpaka, na unahitaji kupimwa kila mwaka bila kukosa.

Karibu na Karongi, Rwanda, mtambo wa KivuWatt umekuwa ukivuta maji ya chini, kutoa methani na kuzalisha megawati 26 za umeme. Ninaunga mkono uchimbaji huo kwa sharti moja: maji yaliyokwisha kutolewa gesi yarudishwe kwenye kina sahihi. Yakirudishwa juu mno yanachafua tabaka hai. Yakirudishwa vibaya yanaweza kudhoofisha kiwambo kinachotulinda. Kina cha bomba la kurudisha maji ndicho swali la kwanza ninalomuuliza mwekezaji yeyote.

Hewa ya alfajiri ndiyo safi zaidi, si ndiyo?

Kijijini, pengine. Mjini kando ya barabara, mara nyingi ni kinyume. Usiku ardhi inapoa, hewa iliyoigusa inapoa nayo na kuwa nzito, na hewa ya joto inakaa juu yake. Msukosuko unazimika. Moshi wa majiko ya mkaa, takataka zinazochomwa na daladala za kwanza unabaki kwenye tabaka la makumi machache ya mita au mia hivi. Jua likipanda, ardhi inapashika, hewa inaanza kuchemka kama uji, na ikifika saa 5 au 6 mchana tabaka hilo linaweza kuwa na kimo cha kilomita moja. Moshi uleule umepata chumba kikubwa mara kumi. Ukikimbia mazoezi saa 12 asubuhi kando ya barabara kuu, unavuta hewa ya chumba kidogo. Kimbia ufukweni, au ndani ya mtaa.

Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Hilo halihitaji mhandisi.

Kinyamkela ni pepo?

Bibi yangu alituingiza ndani kila tulipokiona kile kimbunga kidogo cha vumbi. Ninachoweza kukueleza ni jinsi kinavyosimama: uwanja mkavu unaungua kwa jua la mchana, hewa ya chini inapanda kwa nguvu, hewa ya pembeni inakimbilia kujaza nafasi, na mzunguko kidogo iliokuwa nao unaongezeka kasi kadiri unavyobanwa katikati. Vumbi linatuonyesha kitu ambacho siku zote kipo lakini hakionekani. Bibi alikuwa sahihi kwenye jambo moja: mabati ya genge hukatwa na kurushwa nacho, kwa hiyo ingieni ndani.

Kwa nini ndege hutikisika, na je, inazidi?

Ndege ndogo ya kwenda Zanzibar saa 8 mchana hutikiswa na hewa inayochemka kutoka ardhini. Panda ya asubuhi. Ndege kubwa hapa kwetu karibu na Ikweta hutikiswa zaidi na mawingu ya radi. Kaskazini ya mbali upo msukosuko wa anga jeupe, usioonekana hata kwa rada ya rubani, unaotokana na mito ya upepo wa juu sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading walionyesha mwaka 2023 kwamba juu ya Atlantiki ya Kaskazini ule mkali umeongezeka kwa asilimia 55 kati ya 1979 na 2020. Funga mkanda hata taa ikizimwa.

Mafuriko yamekwisha, daraja limesimama. Mbona mnalifunga?

Kwa sababu kilichoharibika hukioni. Maji yakigonga nguzo yanapiga mbizi kuelekea chini, yanazunguka mguu wake kwa umbo la kiatu cha farasi na kuchimba. Mafuriko yakiwa juu, shimo linaweza kufika chini ya msingi. Yakipungua, mchanga unarudi na kulijaza tena, laini, bila nguvu. Mkaguzi anayefika wiki moja baadaye anakuta sakafu nzuri ya mchanga, anaandika "salama". Huko New York, daraja la Schoharie Creek lilianguka tarehe 5 Aprili 1987 kwa sababu ya kuchimbwa hivyo, watu 10 wakafa. Mawe makubwa yanayopangwa kuzunguka nguzo hayakuwekwa kwa urembo, jamani. Msiyachukue kwenda kujengea.

Nani hasa anatumia matokeo yenu?

Zaidi ya waliotajwa: wa umeme wa upepo. Kando ya Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, kwa sababu upepo hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya na kutoka kwa kasi karibu upande mmoja mwaka mzima. Nyuma ya kila mtambo upepo hupungua na kuchafuka, na wa nyuma akikaa kwenye kivuli hicho anapata umeme kidogo na vyuma vyake vinachoka mapema. Nafasi kati ya mitambo ni hesabu ya msukosuko.

Wa pili ni wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Zanzibar, ingawa wao walijua kabla yetu. Mwani hula kupitia ngozi yake; maji yakisimama, yale yanayougusa yanakwisha virutubisho na kupata joto, unadhoofika na kuwa mweupe. Akina mama waliniambia kamba za sehemu yenye mkondo hukua vizuri, kabla sijafungua mkoba wa vifaa.

Mnapima kwa vifaa gani?

Kwa sauti, hasa. Majini tunatuma mlio usiosikika na kusikiliza unavyorudi kutoka kwa chembe zinazoelea. Mabadiliko ya mlio yanatupa kasi ya mkondo kwa kila kina. Hewani kuna mnara wenye masikio yanayopima upepo mara 20 kwa sekunde. Ipo pia sindano laini inayoshushwa ziwani na kuhisi mitetemo ya milimita. Tuliwahi kupoteza moja yenye thamani ya gari kwa sababu ya fundo nililolifunga mwenyewe. Mvuvi aliyekuwa nasi alilitazama fundo lile, akanyamaza kwa heshima. Tangu siku hiyo mafundo anafunga yeye.

Nisome nini nikitaka kazi hii?

Fizikia na hisabati bila kuzikwepa, kisha uhandisi wa maji, wa mazingira au sayansi za bahari. Jifunze kuandika programu mapema. Programu ya OpenFOAM ni ya bure na inaendeshwa hata kwenye kompyuta ya kawaida ukiwa na subira. Halafu jifunze kuogelea. Nimekutana na wanafunzi wa shahada ya pili ya maji wasiojua.

Naweza kwenda nanyi ziwani siku moja?

Karibu. Njoo na kofia, maji ya kunywa na nguo usiyoionea huruma. Koti la kujiokolea tutakupa na utalivaa hata kama unajua kuogelea. Usile sana kabla. Tunatoka mwaloni saa 11 alfajiri, upepo wa mchana ukiwa bado umelala, na nahodha hasubiri mtu.